JAMANI BADALA YA SHABANI

Yunusi alisukuma mlango.

Msomaji uliyekuwa nasi Jumamosi iliyopita unajua alichokuwa akikisikia pale nje ya stoo ya Mazimbu, gita begani, jasho la baiskeli halijamkauka. Wimbo wake. Wimbo alioutunga kwa damu ya rafiki yake ulikuwa ukiimbwa ndani kwa sauti laini, kama ya mtu anayebembeleza mtoto, na nyuma yake kinanda kinacheka. Na wewe unayetujia leo kwa mara ya kwanza usihangaike. Vuta kiti, utayajua humu humu.

Ndani walikuwamo watu watatu. Pazi, mpiga ngoma wa bendi, ameketi juu ya pipa lake, fimbo zake ziko sakafuni. Veronika, mwimbaji, amesimama na maiki. Wa tatu alikuwa bwana mmoja mnene aliyevaa shati jeupe, ameegemea kinanda kipya ambacho bado kilikuwa na nailoni yake ya dukani. Hakuna aliyekipiga. Kilikuwa kikijipigia chenyewe ngoma, besi na kayamba.

Veronika alipomwona Yunusi akanyamaza. Kinanda hakikunyamaza. Kiliendelea na furaha yake mpaka yule bwana alipokumbuka kukizima.

"Karibu, msanii," alisema. "Tulikuwa tunakusubiri wewe tu."

Jina lake Richard. Alikuwa mfanyabiashara wa mitumba, mwenye maduka Dar na Dodoma, na sasa alitaka kufungua jingine kule juu milimani, Mgeta. Alihitaji bendi ya kumvutia watu siku ya ufunguzi. Alikwisha kuwasikia Kokoto mara moja, akaona wimbo mmoja unafaa, ila uoshwe kidogo.

"Uoshwe," Yunusi alirudia neno hilo peke yake.

Kokoto ilikuwa bendi ya watu watatu, na haikufanana na bendi yoyote iliyowahi kupiga Morogoro. Mji huu ulizoea magita yanayosemezana kwa adabu, saksofoni na wakata viuno. Yunusi na wenzake walipiga kama kiwanda kinachobomoka. Mbinu hizo walizitoa kwenye kanda za vijana wa Afrika Kusini waliosoma Mazimbu enzi za ukombozi. Walipofungasha kurudi kwao, waliacha nyuma magodoro, vitabu, na muziki wa fujo waliouita panki. Yunusi aliuchukua muziki ule akautia mdundo wa mitambo ya kufuma vitambaa, mitambo aliyoihudumia kwa mikono yake mpaka kiwanda kilipofungwa milango. Pazi alipiga pipa, rimu ya gari na bati. Veronika, binti wa mhadhiri, alipiga mayowe.

Waliowapenda walikuwa wachache. Wanafunzi kadhaa wa chuo, na wafanyakazi waliopunguzwa kazini, ambao walikuja, wakakaa, wakatazama chini mpaka mwisho.

Na wimbo wao mkubwa ulimhusu Shabani, kaka yake Pazi, mfumaji. Kiwanda kilipokufa, mitambo iliuzwa kama vyuma chakavu. Shabani alichukua kibarua cha kuipakia. Mtambo mmoja uliteleza kutoka kwenye lori ukamlalia. Tajiri mwenye lori alikuwa ameketi mbele, anapiga honi wafanye haraka. Ndivyo wimbo ulivyosema: *Shabani, chuma kimekulalia, mwenye lori anapiga honi, nani atakuinua.*

Yunusi alimgeukia Veronika, akamwuliza tangu lini Shabani amekuwa wa kubembelezwa kwa kinanda.

Veronika hakujibu kwa hasira kama alivyozoea. Alimsogelea, akasema kwa sauti ndogo iliyokwaruza kama ufagio kwenye saruji:

"Daktari amenikataza kupiga mayowe."

Kisha akaeleza, polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache. Kooni mwake kumeota vinundu. Vinaweza kukatwa, lakini si Morogoro. Akiendelea kupayuka, sauti itaondoka, na si ya kuimbia tu, hata ya kuombea maji. Kuimba chinichini anaweza, kidogo kidogo. Baba yake alishamfukuzia mbali na muziki huu na hataki kusikia habari ya koo lililoharibiwa na kelele. Bwana Richard ameahidi kumpeleka Dar kwa daktari bingwa, ufunguzi ukienda vizuri.

"Na wewe ulijua?" Yunusi alimwuliza Pazi.

Pazi alijua. Ndiye aliyempeleka hospitali.

Yunusi alitoka nje. Alikuwa ameingia na moyo wa kuvunja kinanda, sasa hakuwa na cha kuvunja. Alisimama kwenye jua, mbele yake milima ya Uluguru imevaa wingu kama kawaida yake, na akahisi uchovu ambao hakuwahi kuuhisi hata siku alizofanya zamu mbili kiwandani.

Pazi alimfuata. Alikuwa kijana mpole, mwepesi wa kunyamaza, lakini siku ile alisema.

"Tumepiga kelele weee, Yunusi. Nani katusikia? Watu wanaziba masikio. Mama yangu mwenyewe anaziba."

"Kelele ndiyo maana yake."

"Basi twende kwa mama. Veronika amwimbie. Mama akikataa, mimi mwenyewe nitamwambia huyu bwana achukue kinanda chake."

Yunusi akakubali haraka, maana alimjua Bi Maimuna. Walipompigia wimbo ule mara ya kwanza, mama wa watu aliondoka katikati, kanga kichwani, akisema wanamzika mwanawe mara ya pili. Hakuwa mtu wa kuhongwa na kinanda.

Walimkuta Mji Mpya, uani kwake, anachambua mchicha. Wote watatu walimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kuwasogezea mkeka. Pazi alimweleza walichokuja nacho. Mama alitazama pembeni, lakini hakukataa.

Veronika aliimba bila maiki wala ala. Sauti ile ndogo ilipita juu ya sinia la mchicha, kila neno limetulia mahali pake. Aliposema *nani atakuinua*, Bi Maimuna aliacha kuchambua. Wimbo ukaisha.

"Kumbe ndivyo mlivyokuwa mnasema," mama alisema.

Akajifuta macho kwa upindo wa kanga, akaomba aimbiwe tena. Safari ya pili alijaribu kuitikia. Wimbo ulipofika kwenye yule mwenye lori, mama aliuliza ni nani, na Yunusi akamjibu kwa ukweli kwamba hawakumjua, kwamba hakushuka kwenye gari.

Wenzangu, mnaweza kudhani Yunusi alifurahi. Mama wa Shabani amesikia maneno yake, nini tena? Lakini yeye alirudi nyumbani akiwa ametobolewa. Mwaka mzima alimpigia mama huyu kelele za msiba wake mwenyewe, na mama hakuambulia neno. Iliyomfikia ni sauti ya koo bovu. Alipofika kwake alilala na viatu.

Akakubali kwenda Mgeta. Hakusema anapenda. Alisema tu kwamba gita ataliunga kidogo kidogo, asivuruge.

Asubuhi ya siku ya soko lori lilikuja kuwachukua. Lilikuwa limepakwa rangi mpya ya buluu na kuandikwa jina la duka ubavuni kwa herufi za njano. Yunusi alilizunguka kwenda kupandisha spika, akafika nyuma.

Hapo akaitua spika chini.

Rangi ilikuwa mpya, bodi ilikuwa ile ile. Kwenye mlango wa nyuma chuma kilipinda kuelekea nje, kama mdomo wa mtu aliyepigwa, na mpindo huo yeye aliujua. Aliung'ang'ania kwa mikono yake miwili akijaribu kuuinua mtambo ule, huku Shabani akimwita jina kutoka chini. Pazi asingeutambua. Siku ile Pazi alikuwa Dakawa, anavuna mpunga wa watu.

Bwana Richard alikuja nyuma kuangalia wanachelewa nini. Yunusi hakupaza sauti. Alimwambia kwamba lori hili lilikuwa kiwandani siku aliyokufa mtu.

Uso wa Richard ulipoteza lile tabasamu lake la dukani. Akauliza, "Ulikuwapo?"

"Nilikuwa chini, pamoja naye."

Richard alitazama kule mbele walikokuwa Veronika na Pazi, akashusha sauti. Alisema mvua ilikuwa inakuja, barabara ya kiwandani inanasa, ndiyo maana akapiga honi. Hakujua kuna mtu chini. Aliambiwa baadaye, akatuma sanda na gunia la mchele, bila kutaja jina. Wimbo aliusikia mara moja tu, ukipigwa kwa kelele zao zile, akapenda kiitikio. Neno la lori hakulisikia mpaka juzi, Veronika alipoimba taratibu.

"Na bado umekuja," Yunusi alisema.

"Nimekuja kwa sababu wimbo ni mzuri. Na mimi nina duka la kufungua." Aliligonga lori kwa kiganja. "Waambie wenzako kama unataka. Safari itakufa hapa hapa, na yule binti atabaki na koo lake. Ukinyamaza, wiki ijayo yuko kwa daktari. Mimi sikulazimishi, ndugu yangu."

Kule mbele Veronika alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta, shingo imefungwa kitambaa, anakunywa maji ya moto kwa kikombe cha bati. Pazi alikuwa anamshikia chupa ya chai.

Yunusi alinyamaza. Aliinua amplifaya yake akaipandisha mwenyewe juu ya bodi ile, akapanda, akakaa na mgongo kwenye mpindo wa chuma ili mwingine yeyote asiuone.

Safari ya kupanda Mgeta ni ya kumfanya mtu asiyeswali akumbuke dua. Lori lililia kwenye kona moja baada ya nyingine, huku bonde likizidi kwenda chini na baridi ikizidi kuja juu. Pazi alikuwa na furaha. Alisema mama amemwomba wakirudi wampelekee kanda, hata kama hana redio ya kuipigia. Yunusi alitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, akitazama matuta ya kabichi yaliyoning'inia milimani kama ngazi.

Sokoni kulijaa. Wakulima walikuwa wamekwisha kuuza njegere na viazi vyao, matenga matupu yamepangwa, na watu hawana haraka. Richard aliagiza lori lirudi kinyumenyume mpaka kwenye ukingo wa uwanja, ambako ardhi inainamia sokoni. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, bodi ikawa jukwaa. Dereva, mzee wa makamo aitwaye Dominiko, alisukumia mawe chini ya matairi kwa kisigino, jenereta likawashwa.

Wakati huo ndipo Richard alipomwita Veronika na Yunusi pembeni. Alitaka badiliko dogo. Siku ya furaha, watu wanakuja kununua nguo, hawawezi kuimbiwa maiti. Mahali pa *Shabani* waweke *jamani*. Mahali pa *chuma kimekulalia* waweke *penzi limenilemea*. Mwenye lori aondoke kabisa. *Nani ataniinua* ibaki, hiyo ni tamu.

Alisema haya yote akimtazama Yunusi, si Veronika.

"Hapana," Veronika alisema kwa mnong'ono wake. "Mama yake alitupa ruhusa kwa wimbo ule, si kwa huu. Yunusi, mwambie."

Yunusi alifungua mdomo. Alikuwa na maneno yote tayari, makubwa, ya kuangusha soko zima. Akatazama kitambaa shingoni mwa Veronika.

"Imba anavyotaka," alisema.

Veronika alimtazama kwa muda mrefu. Katika miaka yao yote ya kugombana kila siku hakuwahi kumtazama hivyo. Kisha akaondoka kwenda kushika maiki, na hakumgeukia tena.

Yunusi alipopanda jukwaani kufunga nyaya, aliangaza macho amtafute Pazi ampe habari ya badiliko. Alimwona chini, karibu na tairi la mbele. Alikuwa amechuchumaa na Dominiko, wanakula viazi vya kuchemsha kwenye jani la mgomba. Dereva alikuwa anasimulia. Mzee wa watu hakuwa na nia mbaya, alikuwa anamhadithia kijana mgeni habari za gari lake, mizigo liliyobeba, mahali lilikofika. Aliinua mkono mmoja juu, akautelezesha taratibu, akaupiga kwenye kiganja cha mkono mwingine.

Pazi aliacha kutafuna.

Alimwuliza dereva jambo. Dereva akajibu akielekeza kidole nyuma ya lori, halafu mbele, kwenye kiti cha tajiri.

Yunusi aliruka chini na kukimbia, lakini Pazi alikwisha kusimama, akakutana naye njiani. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa, na utulivu huo ndio uliomtisha Yunusi.

"Ulijua?" Pazi aliuliza.

Yunusi hakuweza kusema uongo. "Tangu asubuhi."

Pazi alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichokuwa na haja nacho. Akampita, akapanda jukwaani, akakaa nyuma ya pipa lake, akaokota fimbo.

Richard alichukua maiki na kuwasalimia wananchi. Akatangaza duka, akatangaza bendi. Kinanda kikabonyezwa, kikaanza.

Na wimbo, ndugu zangu, ulipendwa. Veronika alipofika *jamani, penzi limenilemea*, kina mama waliinua matenga matupu vichwani na kuanza kucheza. Safari ya pili waliitikia bila kufundishwa. *Nani ataniinua*, walijibu wazee na vijana, walijibu wapagazi wa kabichi, na milima nayo ikajibu kutoka ng'ambo ya bonde. Kokoto haikuwahi kuimbiwa na umati. Yunusi alikuwa ameota siku hii tangu aliposhika gita, na sasa ilikuwa mbele yake, na hakusikia chochote ndani ya kifua. Vidole vyake vilicheza vyenyewe kama kile kinanda. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na watu wa mbele walimshangilia wakidhani ni ufundi.

Richard alikuwa ukingoni mwa jukwaa anarusha mashati kwa watu. Umati ulisogea karibu zaidi, ukabana chini kabisa ya mlango wa nyuma, mikono juu, watoto mabegani.

Mdundo uliendelea, sawasawa, bila kukosea hata mara moja.

Bila kukosea. Hilo ndilo lililomgutusha Yunusi. Pazi hajawahi kupiga wimbo mzima bila kuchelewa mahali.

Aligeuka. Pipa lilikuwa peke yake. Fimbo zilikuwa zimewekwa juu yake, moja kando ya nyingine. Kinanda kilikuwa kikipiga ngoma, na hakuna mtu mmoja katika soko lile aliyegundua kwamba mpiga ngoma ameondoka.

Yunusi alichungulia ubavuni. Mawe hayakuwa chini ya matairi. Dominiko alikuwa mbali, katikati ya watu, anacheza na shati jipya begani. Na kwenye kidirisha kidogo cha nyuma ya usukani palikuwa na kichwa alichokijua, kimeinama, kama mtu anayetafuta kitu miguuni mwake. Pazi hakuwahi kuendesha gari maishani.

Ubao chini ya miguu yao ukasogea kuelekea sokoni. Kidogo tu, kama mtu anayejigeuza kitandani.

Yunusi alimpokonya Veronika maiki, akapiga yowe kubwa kuliko yote aliyowahi kuyapiga katika maisha yake, kwamba wakimbie, watoke, lori linakuja.

Spika ziliipasua sauti yake vipande vipande. Kule chini umati wote ukainua mikono juu, ukamjibu kwa furaha: *Nani ataniinua.*